Kabla Hujasimamisha Mlingoti: Kukadiria Upotevu wa Mawimbi ya Redio Nyikani, Msituni, Milimani na Pwani

Boksi la kihisi cha LoRa (redio ya nguvu ndogo inayotuma data taratibu) huandikwa kilomita 15, la redio ya mkononi kilomita 10. Namba hizo hupatikana mahali ambapo antena mbili zinaonana, kilima kwa kilima, pasipo hata kichaka katikati. Ukivipeleka vifaa hivyo kwenye doria ya msitu, kwenye kipimo cha kina cha mto au kwenye mizinga ya nyuki iliyotawanyika porini, kilomita 15 huwa mbili, na ndani ya msitu mnene huwa mita mia kadhaa tu. Hapo fedha za mradi zimeshakwenda, milingoti imeshasimama, na fundi anaanza kuulizwa kama alinunua vifaa feki.

Mengi ya hayo yangejulikana mapema kwa kalamu, karatasi na kikokotoo. Hesabu za upotevu wa mawimbi zipo tangu zamani na si ngumu. Tatizo ni kwamba kila modeli ilipimwa kwenye ardhi fulani, kwa masafa fulani na kwa antena za urefu fulani. Ukiihamisha bila kuyaangalia hayo, inaweza kukosea kwa desibeli 20 au 30, yaani mara mia hadi mara elfu ya nguvu halisi. Nawaandikia vijana wa miradi, askari wa misitu, mafundi wa redio na wanafunzi wanaopeleka vihisi vyao porini kwa mara ya kwanza. Ombi langu ni moja: chagua hesabu kwa kutazama kilichopo kati ya antena zako, kisha uirekebishe kwa vipimo vya palepale.

Anza na bajeti. Desibeli 3 ni nguvu mara mbili, desibeli 10 ni mara kumi, na desibeli hujumlishwa na kutolewa kama fedha. Kihisi cha LoRa kinachotuma miliwati 25 kinatoa dBm 14, yaani desibeli 14 juu ya miliwati 1. Upe kila upande antena yenye geini ya desibeli 2. Kipokezi kikiwekwa kwenye mwendo wake wa polepole kabisa kinasikia hadi karibu dBm −137. Jumla yake ni desibeli 155, na hizo ndizo unazoruhusiwa kuzipoteza njiani. Redio ya mkononi ya wati 5 inatoa dBm 37, na kipokezi chake husikia hadi karibu dBm −119, kwa hiyo bajeti yake ni 156. Ni jambo la kutafakari kwamba kifaa cha miliwati 25 na kile cha wati 5 vina bajeti karibu sawa. LoRa inatuma taratibu sana, na mwendo huo wa polepole unamlipia mtumiaji badala ya betri kubwa. Tena zile antena fupi za mpira za redio za mkononi hupoteza desibeli kadhaa zenyewe, hasa redio ikiwa kiunoni.

Sasa njia. Hesabu ya msingi inatokana na kazi ya Harald Friis wa Bell Labs, aliyoichapisha mwaka 1946. Inahusu mawimbi yanayosafiri angani bila kugusa kitu. Chukua 32.44, ongeza mara 20 ya logi ya umbali kwa kilomita, kisha mara 20 ya logi ya masafa kwa megahezi. Kwa megahezi 868 na kilomita 10 unapata desibeli 111. Ukitoa kwenye 155 zinabaki 44, na kwa hesabu hiyo peke yake kihisi chako kingesikika kutoka Dar es Salaam hadi Kampala na kupita. Hakisikiki, na sababu ya kwanza ni ardhi yenyewe. Itumie hesabu ya Friis kama kiwango cha chini cha upotevu. Mtu akikuletea mpango wa mtandao wa porini uliojengwa juu yake pekee, mrudishie.

Kwenye nyika tambarare, kama uwanda wa nyasi fupi wa Serengeti au Simanjiro, hakuna miti ya kutisha, na watu wengi hudhani hapo mawimbi yatakwenda bure. Lakini wimbi linafika kwa njia mbili: moja kwa moja, na jingine likiakisiwa na ardhi. Umbali ukiwa mkubwa na antena zikiwa chini, haya mawili hukaribia kufutana. Modeli inayofaa hapo ni ile ya miale miwili: mara 40 ya logi ya umbali kwa mita, kisha utoe mara 20 ya logi ya zao la urefu wa antena mbili, nao kwa mita. Kituo kikuu kikiwa na mlingoti wa mita 10 na kihisi kikiwa mita 1 kutoka ardhini, kilomita 10 zinakula desibeli 140. Zimebaki 15, siyo 44.

Itazame hiyo hesabu vizuri, kwa sababu ndani yake kuna ushauri wenye faida kuliko mwingine wote nitakaotoa hapa. Urefu wa antena mbili unazidishwa. Ukiupandisha mlingoti kutoka mita 10 hadi 20, unapata desibeli 6. Ukikipandisha kihisi kutoka mita 1 hadi mita 2, unapata desibeli 6 zilezile. Nguzo ya mita moja zaidi kwenye kihisi ina thamani sawa na mita kumi za chuma, waya za kushikilia na fundi wa kupanda. Kuzipata desibeli hizo kwa kuongeza nguvu kungetaka umeme mara nne, na betri ingekwisha mapema mno. Nimeona miradi inayogombania bajeti ya mnara mrefu huku vihisi vimefungwa usawa wa goti. Pandisha vihisi kwanza, mpaka pale tembo na fisi wanapokuruhusu, na ukumbuke kwamba tembo hupenda kujikuna kwenye nguzo. Nyasi za masika nazo zinaweza kufika kifuani mwa mtu. Kihisi kilichowekwa kiangazi katika usawa wa paja kitakuwa kimezama ndani ya majani mabichi ifikapo Aprili.

Waya wa antena ndipo mahali desibeli nyingi zinapopotelea bila mtu kujua. Waya mwembamba wa aina ya RG-58, ule unaopatikana kirahisi madukani, unakula karibu nusu desibeli kwa kila mita kwenye masafa ya megahezi 868. Ukiongeza mlingoti mita 10 na waya huo mita 10, umepata desibeli 6 na kupoteza 5. Tumia waya mnene wa daraja la LMR-400, ambao hula karibu desibeli moja na robo kwa mita 10, au kifungie kifaa chenyewe juu ya mlingoti ndani ya kasha lisilopitisha maji na ushushe waya wa umeme na data. Nyumbani kwa mtu hilo ni jambo dogo, lakini kwenye kiungo chenye akiba ya desibeli 15, ndilo linaloamua.

Msituni mambo hubadilika kabisa. Hapa modeli mbili ndizo zinazotajwa sana. Ya kwanza ni ya Mark Weissberger, ya mwaka 1982: upotevu unaoongezwa na miti ni 1.33, mara masafa kwa gigahezi yaliyopandishwa kwenye kipeo cha 0.284, mara kina cha msitu kwa mita kilichopandishwa kwenye kipeo cha 0.588. Ni kwa kina cha mita 14 hadi 400. Ya pili ilitoka kwa chombo cha kimataifa cha mawasiliano ya redio, CCIR, mwaka 1986: 0.2, mara masafa kwa megahezi kwenye kipeo cha 0.3, mara kina kwa mita kwenye kipeo cha 0.6. Zote zinaongezwa juu ya hesabu ya Friis.

Zijaribu kwa megahezi 868. Kwa mita 100 za msitu, Weissberger anasema desibeli 19, CCIR inasema 24. Kwa mita 400, Weissberger 43, CCIR 55. Tofauti ya desibeli 12 kati ya modeli mbili zinazoheshimika, kwa msitu uleule wa karatasini! Ukijumlisha na Friis, kwa mita 400 umepoteza ama 127 au 139 kati ya zile 155. Mmoja anakuambia una akiba ya 28, mwingine 16. Nani wa kuaminiwa? Weissberger aliitengeneza hesabu yake kwa miti yenye majani, iliyo mikavu, ya nchi zenye tabianchi ya wastani. Usambara ya Mashariki, Udzungwa au Ituri si mahali pakavu. Majani yamelowa ukungu asubuhi, kuna migomba mwitu, mitambaazi, kuvu na miti midogo chini ya miti mikubwa. Kwa misitu hiyo naanza na CCIR, na hata hiyo naichukulia kama mwanzo tu wa mazungumzo. Kwa miti ya kupandwa iliyopangwa mistari, misonobari ya Sao Hill kwa mfano, Weissberger anaweza kukaribia, ila upotevu utategemea kama mawimbi yanapita kando ya mistari au kukatisha.

Kuna kosa linalofanywa na watu wenye elimu nzuri kabisa: wanachukua desibeli za mita 400 na kuzizidisha kwa tano ili kupata za kilomita 2. Msitu haufanyi kazi hivyo. Vipimo vingi vya msitu wa kitropiki vilifanywa Thailand miaka ya 1960 na kampuni ya Kimarekani ya Jansky & Bailey, kwa ajili ya jeshi la Marekani. Vilionyesha kwamba mbali ndani ya msitu upotevu unaongezeka polepole kuliko inavyotarajiwa. Mwaka 1967 Theodor Tamir alieleza sababu: wimbi linapanda hadi kwenye vilele vya miti, linasafiri juu ya msitu pale majani yanapokutana na hewa, kisha linashuka tena upande wa pili. Njia ya katikati, kupita shina kwa shina, inakufa mapema. Ile ya juu ndiyo inayobaki. Maelezo yake yanahusu masafa ya chini.

Kwa mtu wa kazi hilo lina maana mbili. Kama unahitaji sauti ya askari doria ndani ya msitu mzito, chagua VHF ya karibu megahezi 150 kabla ya UHF, hata kama redio za UHF ni ndogo na nzuri mkononi. Na kama unaweza kuitoa antena moja tu juu ya vilele, fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Kushuka kwa wimbi kupitia mita 40 za majani kunagharimu karibu desibeli 11 kwa hesabu ya Weissberger kwenye megahezi 868. Kuziokoa ni sawa na kutoka wati 5 hadi zaidi ya 50. Mti mrefu uliopo ukingoni mwa bonde, na mpandaji mwenye mkanda na kamba za usalama, vinaweza kufanya kazi ya kisambazaji cha bei kubwa.

Miombo ya Tabora, Katavi na Lindi inahitaji tahadhari ya aina yake, kwa kuwa hupukutisha majani. Ukienda kupima Agosti, miti iko mitupu na namba zitakupendeza. Mvua zinapokaribia, majani mapya huchipua, mengine mekundu, na ifikapo Januari mwavuli umefunga. Tofauti hiyo ipo, ingawa isitiwe chumvi. Goldhirsh na Vogel walipima Marekani miaka ya 1980 kwenye megahezi 870 wakakuta kwamba mti wenye majani unazuia takriban theluthi moja zaidi kwa desibeli kuliko mti uleule ukiwa mtupu. Maana yake, kwenye masafa hayo matawi na mashina ndiyo yanayokula sehemu kubwa. Mti mmoja ulio katikati ya njia ulikula karibu desibeli 10. Kwa hiyo ukipima miombo kiangazi na kukuta miti imekula desibeli 20, panga kwa 27, na kwa mvua ya kweli inayolowesha matawi uongeze kidogo juu yake.

Nitaje mvua hapohapo, maana inasingiziwa mengi. King'amuzi kinapokata mvua kubwa ikinyesha, ni kweli matone ndiyo yanayofanya hivyo, kwa kuwa dishi linapokea kwenye gigahezi 11 au 12. Chini ya gigahezi 5 matone yenyewe yana athari ndogo sana. Mtandao wa megahezi 868 ukikatika siku ya mvua, tafuta majani yaliyolowa, na zaidi ya hayo tafuta maji yaliyoingia kwenye kiunganishi cha antena.

Milimani swali la kwanza ni kama antena zinaonana, na kuonana kwa macho hakutoshi. Wimbi linahitaji nafasi kuzunguka mstari wa macho, ile inayoitwa eneo la Fresnel. Kwenye njia ya kilomita 10 kwa megahezi 868, nusu kipenyo cha eneo hilo katikati ya njia ni karibu mita 29, na angalau asilimia 60 yake, mita 18, inatakiwa iwe wazi. Kwa megahezi 150 nusu kipenyo kinafika mita 71. Ukingo wa kilima ukigusa tu mstari wa macho, umeshapoteza desibeli 6 ingawa kwa darubini unaiona antena ya upande wa pili.

Kilima kikiziba kabisa, wimbi bado hupinda kwenye ukingo na kushuka nyuma yake, na masafa ya chini hupinda vizuri zaidi. Chukua bonde la aina ya Lushoto: mteremko unaopanda mita 60 juu ya mstari wa macho, kilomita 2 kutoka upande mmoja na 8 kutoka mwingine. Kwa hesabu inayochukulia kilima kama ukingo wa kisu, kwenye megahezi 150 kilima hicho kinagharimu karibu desibeli 17; kwenye 868 kinagharimu 24. Vilima halisi ni vya mviringo na vimevaa miti, kwa hiyo vinakula zaidi ya ukingo wa kisu. Sogeza antena yako nyuma, mbali na mguu wa kilima. Wengi hufanya kinyume, wanajisogeza karibu na kilima wakidhani wanakaribia upande wa pili, na pembe ya kupinda inazidi kuwa kali. Mahali penye mlima mkubwa, kituo kimoja cha kurudia mawimbi kilichowekwa juu ya mgongo kitakupa zaidi kuliko jozi tatu za antena kubwa mabondeni.

Wanafunzi wengi hunijia na modeli ya Okumura na Hata kwa sababu imo kwenye kila kitabu cha chuo. Okumura na wenzake walipima Tokyo na viunga vyake na kuchapisha mwaka 1968. Hata aligeuza michoro yao kuwa hesabu mwaka 1980. Inataka antena ya kituo iwe kati ya mita 30 na 200. Ni kazi bora kwa mnara wa simu mjini. Kwa kihisi cha mita 2 na mlingoti wa mita 10 kwenye bonde la Usambara, iache rafuni.

Pwani ina sheria zake. Maji ya chumvi huakisi mawimbi ya redio vizuri mno, kwa hiyo ile modeli ya miale miwili inafanya kazi hapa vizuri kuliko mahali pengine, ila na jambo moja ambalo nyikani halipo: sakafu yake inapanda na kushuka. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa kwenye pwani yetu hufika mita 3 na zaidi. Kihisi kilichofungwa kwenye nguzo ya mikoko ya delta ya Rufiji, mita 5 juu ya maji yakiwa yamekupwa, kinabaki mita 2 yakijaa. Kwa njia ndefu hiyo ni desibeli 8 zinazokwenda na kurudi mara mbili kwa siku. Mtu aliyepima saa nne asubuhi maji yakiwa yametoka akaondoka ameridhika, atapata simu jioni. Uliza wavuvi ni lini bamvua, nenda siku hiyo, pima maji yakiwa yamejaa pomoni, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye mpango. Kwa mikoko yenyewe, ikiwa na mizizi ya juu, majani manene na matope ya chumvi, sijaona hesabu ya kuitegemea peke yake. Pitisha njia juu ya mkondo wa maji pale inapowezekana badala ya kukatisha ndani ya miti.

Kwa viungo virefu vya kuvuka bahari, kama kati ya Bagamoyo na Unguja, milingoti ikiwa mirefu yale mawimbi mawili hukutana na kufutana kwa urefu fulani wa antena, kisha kujengana kwa urefu mwingine. Maji yakipanda, mahali pa kufutana napo panahama. Dawa ya kawaida ni kuweka antena mbili za kupokea kwenye mlingoti mmoja kwa urefu tofauti, au kuchagua eneo ambalo sehemu ya kuakisi inaangukia nchi kavu yenye minazi. Usiku hewa yenye joto inaweza kulala juu ya hewa yenye unyevu iliyo karibu na maji, na mawimbi yakafungwa katikati na kwenda mbali kuliko kawaida. Usijengee mpango juu ya zawadi hiyo, kwa kuwa asubuhi haipo.

Ukishazijua hesabu za mkono, ndipo programu inapokuwa msaada. Radio Mobile, iliyoandikwa na Roger Coudé wa Kanada, ni ya bure, na inatumia modeli ya Longley na Rice iliyotoka Boulder, Colorado, mwishoni mwa miaka ya 1960. Modeli hiyo inasoma umbo la ardhi na kukadiria kupinda na kuakisiwa. Mambo mawili ya kuangalia humo. Programu inakuuliza tabianchi, na mara nyingi iliyochaguliwa tayari ni ya bara la nchi za wastani. Katika orodha ya modeli hiyo namba 1 ni ya ikweta, na mfano uliotolewa ni Kongo. Yupo msomaji wa Kisangani ambaye ameandaliwa mahali pake tangu mwanzo na hajui. Sisi wengine wa karibu na ikweta tuanzie hapo pia.

La pili ni ramani. Data ya urefu wa ardhi inayotumiwa na wengi ilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour Februari 2000. Mawimbi ya rada hiyo hayakufika chini ya msitu mnene. Yalirudi kutoka mahali fulani ndani ya majani. Kwa hiyo ukiwa Udzungwa na ukaiambia programu kwamba antena yako ina mita 2, inaiweka mita 2 juu ya "ardhi" ambayo kwa kweli iko katikati ya miti, na inakuchorea rangi ya kijani ya kupendeza mahali ambapo hutasikia hata mkwaruzo. Kwenye msitu mzito, chora njia kwa programu, kisha uongeze kwa mkono upotevu wa miti kwa pande zote mbili.

Halafu nenda kapime. Huhitaji mashine ya bei kubwa. Vifaa viwili vya LoRa vinavyoonyesha nguvu ya mawimbi yaliyopokewa vinatosha. Weka kimoja kwenye urefu halisi utakaotumia, maana kipimo cha kituo kilichoshikwa mkononi hakisemi lolote kuhusu mlingoti. Nenda na cha pili mita 100, 200, 400, 800. Kila mahali usiridhike na namba moja. Mawimbi yaliyoakisiwa na mashina hutengeneza vilele na mashimo yanayopishana kwa sentimita chache. Kwenye megahezi 868 hatua moja ya mguu inaweza kubadilisha desibeli 15. Zunguka eneo la mita tatu au nne, andika namba ishirini, zipange kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue ya katikati. Kishike kifaa kwa namna ileile kila mara, mbali na kifua, kwa sababu mwili wa mtu nao unakula.

Sasa angalia unapoteza kiasi gani kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ukipoteza desibeli 6, uko kwenye hali ya Friis. Ukipoteza 12, uko kwenye miale miwili. Tuseme kwa mita 100 ulipata dBm −78, kwa 200 ukapata −89, kwa 400 −99 na kwa 800 −110. Hiyo ni desibeli 10.7 hivi kila mara mbili, na ndiyo modeli ya ardhi yako, bora kuliko yoyote iliyochapishwa. Namba za mahali mbalimbali hazitakaa kwenye mstari sawasawa, kwa hiyo pima zinavyotawanyika. Mtawanyiko ukiwa desibeli 8, jambo la kawaida porini, tenga akiba ya desibeli 10 ili maeneo tisa kati ya kumi yasikike. Kwenye mfano huu, kutoka −110 hadi kikomo cha −137 kuna 27. Ukitoa akiba zinabaki 17, ambazo zinakufikisha karibu kilomita 2.4. Hiyo ndiyo namba ya kumwambia mfadhili, na ndiyo ya kugawanya eneo lote ili kujua unahitaji vituo vingapi. Kabla ya kununua hivyo vituo, uliza TCRA kama uko Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano kama uko Kenya, ni masafa yapi na nguvu kiasi gani vinaruhusiwa.

Daftari la vipimo lihifadhi tarehe, hali ya majani, maji kujaa au kupwa, urefu wa antena zote mbili na aina ya waya. Chagua sehemu mbili zinazofikika kwa urahisi na uzipime tena kila baada ya masika kwa vifaa vilevile. Namba zikishuka kwa desibeli 6 au zaidi kwenye sehemu zote mbili, fungua kwanza kiunganishi cha antena ya kituo kikuu utafute kutu na maji. Zikishuka kwenye sehemu moja tu, nenda katazame kilichoota katikati.